Viroboto wa Meneja

Jumatatu, tarehe 4

Leo mchana Kiduchu amekamata kitu cheusi kwenye kifundo cha mguu wake, kidogo kama chembe ya pilipili manga. Akakibana kwa vidole viwili, akaja nacho mbio mpaka kwenye cherehani. "Mama, tazama, kinacheza!" Akafungua vidole. Kikaruka, kikatua kwenye daftari hili, juu ya kipimo cha kiuno cha mwalimu wa chekechea, kikaruka tena, nisikione tena. Binti yangu akapiga makofi kwa raha. Mimi nikamkalisha, nikamvua soksi. Nimehesabu alama kumi na tisa mguu wa kulia na kumi na nne wa kushoto. Nyingine amezikuna mpaka zinatoa maji.

Basi nimeligeuza daftari la vipimo juu chini, nikaanza kuandika nyuma ambako kurasa ni tupu. Shule niliishia la saba na mwandiko wangu unakwenda upande, lakini jambo hili nikiliacha kichwani litanichanganya.

Mambo yenyewe ni haya. Mama mkwe ana wiki tatu hapa kwetu. Baba mkwe alifariki miezi minne iliyopita, mama akabaki peke yake kwenye ile nyumba yao ya mbali. Siku moja akaanguka jikoni, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka muuza maziwa alipopita. Mume wangu akaenda kumchukua. Mama alikuja na sanduku moja la bati na paka mmoja mnene wa kijivu. Paka anaitwa Meneja. Nilipouliza kwa nini, mama mkwe alisema, "Kazi hafanyi, lakini hakuna linalofanyika bila yeye kuja kukagua."

Leo jioni Baba Kiduchu ameiona miguu ya mtoto. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu wa kusema kidogo. Amesema, "Mama, huyu paka ametuletea viroboto. Mvua hizi zikiisha na mtoto bado anang'atwa, Meneja anahamia karakana."

Mama mkwe hakunyanyua uso. "Akitoka natoka naye. Nyumba yangu haijabomoka."

Wale wawili ni damu moja, hakuna anayerudi nyuma. Mimi nikaenda kuosha vyombo, na nilipokuwa naosha nikaamua: hakuna anayetoka humu. Watakaotoka ni viroboto.

Jumanne, tarehe 5

Mvua imeanza kweli. Nguo hazikukauka.

Alhamisi, tarehe 7

Leo nimegombana na mama mkwe, au tuseme yeye amegombana nami, maana mimi nilikuwa napiga magoti tu.

Jirani yangu msusi, anayesukia wateja barazani kwake mkabala na mlango wetu, ameniazima chanuo lake la chawa, lile la meno ya karibu karibu. Amesema, "Mchane paka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vitaanguka vidoti vyeusi. Vikibaki vyeusi ni uchafu. Vikigeuka vyekundu, shoga yangu, hayo ni mavi ya kiroboto, na mavi yake ni damu."

Nikamwomba mama mkwe ruhusa. Akasema, "Meneja wangu ni msafi kuliko mashuka yako." Nikameza. Nikamchana Meneja mgongoni, karibu na mkia. Vidoti vikaanguka. Tukainama wote watatu, mimi, mama mkwe na Kiduchu, vichwa vinagusana. Kwanza havikufanya kitu. Halafu kila kidoti kikaanza kuzungukwa na duara jekundu, kama wino unavyotambaa kwenye karatasi.

"Bibi, Meneja anachora maua!" Kiduchu akasema.

Mama mkwe aliinuka, akamchukua paka wake akaingia chumbani. Chumba hicho analala na Kiduchu. Chakula cha jioni hakuja kula. Nilimpelekea sahani, akaipokea kwa kufungua mlango nusu. Mimi huyu mama namwogopa. Akinitazama nikifagia najihisi ufagio nimeushika upande usio wake.

Jumamosi, tarehe 9

Kidogo tumuue Meneja leo.

Baba Kiduchu amerudi mchana na kichupa cha dawa, amekinunua kwa mtu anayetembeza. Dawa ya matone, unamimina nyuma ya shingo ya mnyama. Alikuwa na furaha, maana mtu asiyesema sana hupenda kuleta kitu mkononi. Mama mkwe akakubali kumshika paka, uso kaugeuzia ukutani kama mtu anayedungwa sindano. Mimi nikakata ncha ya kichupa. Nikapanua manyoya. Nikawa tayari.

Sijui ni nini kilichonifanya nisome. Nadhani ni mazoea ya ushonaji, sikati kabla sijapima tena. Maandishi yalikuwa madogo mno, nikaenda nayo dirishani. Nikasoma herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa. Mbwa. Tu. Ni. Sumu. Kwa. Paka.

"Paka, mbwa, wote wana mkia," mume wangu akasema.

"Baba Kiduchu, imeandikwa sumu."

Mama mkwe hajui kusoma. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akamkumbatia Meneja kifuani mpaka paka akalalamika. Mume wangu akakitazama kichupa, akanitazama mimi, akatoka nacho nje. Niliona alivyoona aibu. Nikamfuata na mwavuli, nikamwambia hukujua, hata mimi ningenunua. Akasema, "Wewe ungesoma."

Jioni nilikuwa nachambua mchele, mama mkwe akaja akakaa karibu nami, akachukua nusu ya mchele kwenye ungo wake. Mwisho kabisa akasema, "Kumbe kusoma kwako kuna kazi." Nikacheka. Sijawahi kucheka mbele yake.

Jumatatu, tarehe 11

Tumekwenda kwa daktari wa wanyama, mama mkwe, mimi, Kiduchu, na Meneja ndani ya kikapu akiimba njia nzima. Daktari ni dada wa umri wangu, amevaa mabuti ya mpira. Amempima Meneja uzito, kisha akampaka dawa ya paka, matone machache nyuma ya shingo mahali ambapo ulimi haufiki. Kila mwezi, asikose hata mmoja.

Halafu akasema maneno ambayo nimeyashika: "Mama Kiduchu, hawa unaowaona kwenye paka ni wachache. Wengi wako nyumbani kwako, na bado hawajawa viroboto. Yai linaanguka kama chembe ya chumvi, linaingia kwenye zulia, kwenye ufa, kwenye godoro. Linatoka buu. Buu anajifungia kwenye kijifuko, anangoja. Ukimtibu paka peke yake, umefagia nusu ya uwanja."

Akanipa kazi. Kufagia kila siku, chini ya kila kitu, na taka zifungwe mfukoni zitoke nje siku hiyo hiyo. Kufua kwa maji ya moto kila kitu ambacho paka analalia. Kutega sahani ya maji ya sabuni sakafuni, na taa ndogo ya chaji juu yake, viroboto wanafuata mwanga wanazama. Kila asubuhi nihesabu, niandike. Na kila Jumapili nivae soksi nyeupe ndefu, nitembee vyumba vyote. Wakipanda nitawaona.

"Na jua," akasema. "Anika magodoro juani."

Sote tukatazama nje. Mvua ilikuwa inashuka kama imelipwa.

Jumanne, tarehe 12

Sahani: 41.

Nimekaa kwenye cherehani nikiwaza jua nitalitoa wapi. Mashuka yamefuliwa yananuka unyevu, zulia halijaona mwanga tangu wiki jana. Mbele yangu ilikuwa pasi. Nikaitazama. Pasi ni nini kama si jua la kushika mkononi?

Nimepiga pasi mashuka yote, mbele na nyuma. Nimepiga pasi mapazia. Nimetandika kitambaa kilicholowa juu ya zulia nikalipiga pasi mpaka mvuke ukajaa sebule. Nimepiga pasi mishono ya magodoro kwa kitambaa kilicholowa, hapo nikachelewa kidogo kuinua mkono na sponji ikanywea pembeni, pametokea kishimo cha ukubwa wa kiganja. Baba Kiduchu hajagundua. Ndiyo upande wake.

Msusi alichungulia dirishani na kichwa cha mteja wake kikachungulia nyuma yake. "Jamani, njooni muone! Mwenzetu anapiga pasi nyumba! Ukimaliza sakafu, mwite na paka umnyooshe sharubu!"

"Nitakuja kwako nikupige pasi mdomo," nikamjibu. Wateja wake wakaangua kicheko. Mama mkwe pia, chumbani, nilimsikia.

Chumba chake nacho nimekipiga pasi, kitanda chote. Sanduku lake la bati chini ya kitanda sikuligusa. Mtu na sanduku lake.

Jumatano, tarehe 13

Sahani: 38. Mikono imechoka.

Jumamosi, tarehe 16

Sahani: 22. Mvua. Mama mkwe sasa anachemsha maji mapema kabla sijaamka, nikiamka nakuta sufuria linatokota. Anasogeza tu sufuria upande wangu.

Jumatatu, tarehe 18

Sahani: 13. Jana kwenye soksi walipanda wanne. Kiduchu naye alitaka soksi nyeupe, nikampa za kwangu, zikamfika kiunoni.

Alhamisi, tarehe 21

Sahani: 2! Wawili tu. Nimewaonyesha wote. Mume wangu amesema "Hm," na kwake hiyo ni hotuba.

Leo mama mkwe ameniuliza kama nimekula. Nilikuwa nashona sare tangu asubuhi na sikuwa nimekula. Akanikatia papai, akaliweka kando ya cherehani, akaondoka. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu, nikalelewa kwa zamu na mashangazi watano. Wote walinilisha. Lakini sikumbuki aliyeniuliza kama nimekula, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza. Nimekula papai lote na mbegu nikazihifadhi.

Jumatatu, tarehe 25

Sahani: 31.

Nimehesabu mara mbili. Thelathini na mmoja. Kiduchu ameamka na alama mpya saba shingoni.

Nimekimbia kwa daktari kwenye matope, kandambili moja ikabaki njiani. Nikamwambia dawa yako ni ya uongo. Hakukasirika. Amesema, "Hao ndio waliokuwa kwenye vijifuko. Dawa haipenyi humo. Wanangoja mtikisiko wa miguu na joto la mwili, wanatoka. Lazima watoke ili wafe. Usiache." Nikamuuliza mpaka lini. Akasema wiki kadhaa, na zaidi kama kuna mahali mayai yanaendelea kuanguka na sijapafikia.

Mahali gani? Nimepiga pasi hata kamba ya pazia.

Jumanne, tarehe 26

Sahani: 29. Nimefagia mara tatu.

Alhamisi, tarehe 28

Sahani: 33. Alama moja ya mguuni kwa Kiduchu imetunga usaha. Tumekwenda zahanati, amepewa dawa ya kupaka na tumemkata kucha. Ananiambia, "Mama, siwakuni, nawapapasa tu." Nimemvisha soksi mikononi.

Jumapili, tarehe 31

Sahani: 30. Kwenye soksi, kumi na mmoja, na tisa kati yao walipanda nilipoingia chumba cha mama mkwe. Hilo nimeliandika lakini sijamwambia mtu.

Baba Kiduchu alikuwa mezani akimtazama mtoto anavyokula na soksi mikononi. Akasema, "Nimewapa muda."

Baadaye mama mkwe alikuja jikoni akaniuliza, taratibu kabisa, basi la kwenda upande wa kwao linaondoka saa ngapi siku hizi. Nikasema sijui. Najua. Saa moja na nusu asubuhi.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi mpya

Sahani: 30. Nimepiga pasi tena kila kitu. Sitaki kuongea na mtu.

Alhamisi, tarehe 4

Hii ya leo ni ndefu, na nitaandika ukweli hata ule usionipendeza.

Mchana mvua ilipiga mpaka umeme ukakatika. Nilikuwa nashona kwa mkono karibu na dirisha. Mama mkwe alikuwa bafuni. Mara mlango wa chumba chao ukafunguka na likatoka koti. Koti la mwanamume, la kahawia, refu, linatembea lenyewe, mikono inaburuta chini. Juu yake kichwa cha Kiduchu, usoni kajichora sharubu kwa penseli yangu ya kuchorea vitambaa.

"Nimekuwa babu," akasema kwa sauti nzito. "Mke wangu yuko wapi?"

Bibi yake humwita "mke mwenzangu", ndiyo utani wao. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona nguo yake ya ndani, shimizi nyeupe, imejaa vidoti, na vidoti vinatembea. Nikaona viroboto wanavyomrukia kutoka kwenye bitana la koti, mmoja, watatu, kumi. Nikamvua mtoto palepale, nikamtumbukiza mguu mmoja baada ya mwingine kwenye ndoo. Nikaligeuza koti. Kwenye mshono wa kwapa na mifukoni, manyoya ya Meneja yalikuwa yametandikwa kama godoro, na ndani yake chembe nyeupe kama chumvi, na vijidudu vyembamba kama uzi vinajikunja.

Mama mkwe akatoka bafuni. Aliliona koti mikononi mwangu akalivuta. Mimi sikuliachia. Tukavutana, mimi na mama mkwe wangu, kama watoto wanaogombea mdoli.

Nikamfokea. Niliandika nitasema ukweli. Nikamwambia, "Mama! Siku ishirini na tatu nachemsha maji! Nimepiga pasi mpaka kiganja kimeota sugu! Mtoto ametunga usaha! Na wewe umewafugia sandukuni?"

Akasema, "Hukuniuliza."

"Lete nilifue. Sasa hivi. Maji ya moto."

"Ukilifua ataondoka."

"Nani ataondoka?"

Akaketi kitandani, koti mapajani, viroboto na wote. Kisha akasema taratibu kwamba baba mkwe alikuwa akilivaa dukani kwake, alikokuwa akitengeneza baiskeli, miaka mingi. Kwamba harufu yake bado imo, ya grisi na ya tumbaku ya kunusa, upande wa kola zaidi. Mchana tukidhani amelala hulitoa akalitandaza magotini, na Meneja hupanda juu yake, maana Meneja alilala kwenye koti hilo tangu akiwa kitoto. Mfuniko wa sanduku haufungi vizuri, paka hujiingilia mwenyewe. "Kila siku navuta kidogo tu," akasema. "Nisiimalize."

Nguo za mama yangu walizigawana mashangazi wiki ile ile, zikafuliwa, zikavaliwa, zikaisha. Sijui alinukia nini. Nimewahi kuuliza, mmoja akasema moshi, mwingine akasema sabuni. Nikaketi kando ya mama mkwe. Nikamwambia, "Nisamehe kwa ukali." Akasema, "Ungekuwa mpole ningekushangaa. Mtoto ni wako."

Ndivyo Baba Kiduchu alivyotukuta, amelowa chapachapa. Mtoto uchi ndani ya ndoo ana sharubu, sisi wawili kitandani na koti katikati. Nikamweleza. Nilitegemea atasema neno kali. Akalichukua koti kwa mikono miwili. Akaleta uso wake kwenye kola akavuta pumzi, akakaa hivyo muda mrefu. Tangu mazishi sijamwona akilia, na leo pia sikumwona, kwa sababu uso ulikuwa ndani ya koti. Alipoutoa, kiroboto alikuwa kwenye ncha ya pua yake.

"Baba, usitikisike!" Kiduchu akapiga kelele, akaruka kutoka kwenye ndoo, akampiga baba yake kofi la pua. Tukacheka mpaka mama mkwe akashika mbavu.

Ndipo mume wangu akasema, hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Si lazima kulifua. Karakana nina friza kubwa ya mteja, nimeshaitengeneza, mwenyewe yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Ni tupu. Nitampigia simu nimwombe. Tunalifunga kwenye mifuko mitatu, linakaa baridini wiki nzima. Kiroboto hawezi, yai haliwezi, buu hawezi. Harufu haiendi popote. Baridi haifui."

Mama mkwe akawaza. "Mzee hakuwahi kupenda baridi."

"Atavumilia, mama. Wiki moja."

Ijumaa, tarehe 5

Daktari amesema wiki nzima kwenye friza inatosha, mradi isizimwe. Mwenye friza amekubali, amecheka sana kwenye simu. Mama mkwe alilifunga koti mwenyewe. Tumelimwagia maji yanayochemka lile sanduku, nje, likaiva. Chumba nimekipiga pasi upya, na safari hii mama mkwe alikuwa ananilowanishia vitambaa na kunipasia, tukaenda kwa haraka kama kiwanda.

Jumanne, tarehe 9

Sahani: 17. Umeme ulikatika kwa saa mbili. Mama mkwe alimpigia mwanawe simu mara nne kuuliza hali ya mzee. Friza haikufunguliwa, barafu haikuyeyuka.

Alhamisi, tarehe 11

Sahani: 9. Matone ya mwezi wa pili. Mama mkwe amempaka mwenyewe, mimi nikamsomea kichupa mara mbili.

Ijumaa, tarehe 12

Koti limerudi. Tumeliacha lipoe, yaani lipate joto, sijui nisemeje. Manyoya yote nimeyatoa kwa brashi nje ya mlango, wafu wakadondoka. Mama mkwe akainua kola. Sote tukangoja. Akavuta kidogo, akafunga macho, akatikisa kichwa kukubali. Nimelishonea mfuko wa turubai wenye zipu mpaka juu. Meneja amekuja kuukagua, amekaa mbele ya zipu, amekasirika, hakuna mtu aliyemjali.

Jumapili, tarehe 14

Sahani: 6. Soksi: mmoja.

Jumamosi, tarehe 20

Sahani: 0. Nimeigeuza sahani, nimeitazama kwenye mwanga. Maji na sabuni tu.

Jumanne, tarehe 23

0. Mvua inaonyesha kuchoka. Asubuhi jua lilitoka kwa muda wa kuanika soksi mbili.

Ijumaa, tarehe 26

Mmoja. Daktari amesema huyo ni mchelewaji, niendelee kufagia.

Jumapili, tarehe 28

Siku nne hakuna tone. Ardhi imekauka mpaka msusi ametoa viti nje. Baba Kiduchu ameamka akasema, "Nileteeni soksi."

Akavaa soksi zangu nyeupe, akakunja suruali, akaanza kwenye sebule. Anatembea kwa kukanyaga nguvu, anarukaruka, mtu mzima yule, nyuma yake Kiduchu naye anarukaruka, nyuma ya Kiduchu Meneja, mkia juu. Msusi akawa dirishani: "Baba Kiduchu, harusi ya nani?" Akaingia chumbani kwetu. Akaingia chumba cha mama, akakaa humo muda, akapiga miguu chini ya kitanda. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikagundua baadaye kwamba sikuwa napika chochote.

Akatoka. Akaweka mguu mmoja juu ya kiti, kisha mwingine. Tukainama. Soksi nyeupe, vumbi kidogo kisiginoni, basi. Akamwita Kiduchu akamkagua miguu, shingo, nyuma ya masikio. Makovu ya zamani, hakuna jipya.

"Basi," akasema. "Meneja ameongezewa mkataba."

Kiduchu akashangilia. Mama mkwe akasema "Haya," akaenda kujimiminia maji ya kunywa. Hakusema kama anakaa au anakwenda. Na mimi ninayeweza kumfokea sikuweza kumuuliza.

Jumatatu, tarehe 29

Sahani: 0. Mama mkwe ametoka mapema na mkoba, hakuaga anakwenda wapi. Nilitazama saa. Saa moja na nusu ilipita. Nikashona kola ya sare kinyume, nikaifumua, nikaishona kinyume tena.

Saa nne mlango ukafunguka. Alikuwa na kitambaa, mita tano, cha bluu chenye majani, kizito, si cha bei ya kubahatisha. Ameutupa mzigo juu ya cherehani yangu, juu kabisa ya sare za watu. Nikamuuliza, mama, hiki cha gauni? Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Gauni la nini? Ni pazia la chumba changu. Lile uliloweka ni jepesi, jua la kiangazi litanipiga usoni kila asubuhi. Na ushone kwa pindo pana, litanywea likifuliwa, nami sitaki kununua jingine mwakani."

Mwakani. Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame.

Kiduchu ameshajifunga kitambaa anajiita bibi harusi, Meneja amekwisha kukikalia kukikagua. Ninaandika haraka kabla sijaanza kukata, maana mama mkwe ananiita kutoka chumbani, "Mama Kiduchu! Daftari hilo ndilo litakaloshona? Njoo na futi yako, mwanangu, dirisha halijipimi!" Nakuja, mama. Nilitaka tu kuandika kwamba dirisha lake ni pana kuliko letu, na kitambaa kitatosha vizuri iwapo nita... Ananiita tena.